Kivuli Makambako, Ukungu Njombe

Mtoto wa kike anasukuma ringi. Nywele na gauni vinapeperuka nyuma yake, fimbo iko mkononi, naye anapandisha barabara pana isiyo na mtu. Kushoto kwake kuna jengo refu jeupe lenye matao mengi yanayofanana, limeanikwa juani lote. Kulia kuna jengo jingine, jeusi, ambalo jua halijaligusa upande wetu. Chini, karibu kabisa na mtazamaji, limeegeshwa gari la kukokotwa lenye umbo la kasha, milango wazi, ndani hamna kitu. Na huko juu anakoelekea mtoto, nyuma ya jengo jeusi, amesimama mtu, au pengine sanamu, tusiyeweza kumwona. Kinachoonekana ni kivuli chake tu, kimelala barabarani, kirefu.

Aliyeichora picha hiyo ni Giorgio de Chirico, mwaka 1914, na jina la picha tunaweza kulitafsiri Fumbo na Simanzi ya Mtaa. Hakuna anayelia humo. Uso wa mtoto hauonekani kabisa. Amepakwa rangi moja nzito toka utosini hadi miguuni, naye mwenyewe yu karibu kuwa kivuli. Hata hivyo anayeitazama kwa dakika chache hupatwa na ubaridi, akatamani kumwita yule mtoto arudi. Swali langu ni la ufundi: ubaridi huo umeingizwaje, kwa mstari upi na kwa rangi ipi? Na kama picha inaweza kutuumiza kwa upweke, je, ipo inayoweza kutupumzisha kwa upweke huohuo, na mchoraji anabadilisha nini ili maumivu yawe mapumziko?

Maswali hayo nimeyabeba kati ya miji ya Makambako na Njombe, kusini mwa Tanzania. Kwa barabara ni kama kilomita 60 tu, safari ya Koasta moja. Lakini mwanga wa Makambako si mwanga wa Njombe, na kazi ya mchoraji huanzia kwenye mwanga.

De Chirico alizaliwa mwaka 1888 katika mji wa Volos, Ugiriki, wazazi wake wakiwa Waitaliano. Baba yake, Evaristo, alikuwa mhandisi wa reli, na ndiyo kazi iliyoipeleka familia huko. Baba alifariki mwaka 1905, mtoto hajatimiza miaka 17. Treni hazikumtoka kijana huyo maisha yake yote: katika picha zake nyingi, nyuma ya ukuta wa matofali, kuna kichwa cha treni kinachopita kikitoa moshi, kidogo kama cha kuchezea, na hakuna abiria anayekisubiri. Alipofika Paris mwaka 1911 alikuwa ameshaanza kuchora viwanja vitupu, matao, sanamu na vivuli. Miaka zaidi ya kumi baadaye, mwaka 1924, mshairi André Breton alipotoa ilani ya wasurealisti, watu waliotaka sanaa ichote kwenye ndoto na kwenye yale ambayo akili ya mchana huyaficha, walimtazama De Chirico kama mtu aliyewatangulia njiani. Inasimuliwa kwamba Breton aliiona picha yake mojawapo dirishani mwa duka la sanaa, yeye akiwa ndani ya basi, akashuka akarudi kuitazama. Abiria anayeshuka basi kabla ya kituo chake kwa sababu ya picha: sijui sifa gani nyingine mchoraji angeitaka.

Tuanze na kivuli, maana ndicho kilichofanya kazi kubwa. Makambako iko karibu na digrii 9 kusini mwa Ikweta. Mwezi wa Februari na mwezi wa Oktoba jua hupita juu ya utosi, na adhuhuri mtu husimama juu ya kivuli chake mwenyewe. Kivuli kirefu kwetu kina saa zake maalumu: asubuhi mapema, na jioni kuanzia saa kumi na moja hivi. Ulaya si hivyo. Majira ya vuli jua lao hutembea chini chini siku nzima, na De Chirico alivutiwa sana na alasiri za vuli za mji wa Turin, wakati vivuli vinarefuka mapema na anga iko safi. Kwa hiyo Mwitaliano akiiona picha ile anaweza kudhani ni mchana wa kawaida wa Oktoba. Mtu wa Makambako akiiona anajua mara moja kwamba jioni imeingia, akina mama wameshaanza kuita watoto, na huyu mmoja bado yuko barabarani na ringi lake. Sisi tunaisoma picha ile kwa hofu zaidi ya mwenyeji wake.

Hesabu vivuli vyenyewe, maana havikuchorwa ovyo. Cha kwanza ni cha jengo jeusi, kinachofunika sehemu yote ya chini pamoja na lile gari tupu. Hicho kinatufunika na sisi watazamaji: tumewekwa upande wa giza, tukichungulia barabara yenye jua. Cha pili ni cha mtoto mwenyewe, kidogo, kimemshika miguuni. Cha tatu ni cha yule asiyeonekana. Sasa nenda kituo chochote chenye nguzo za taa jioni, utazame kivuli cha nguzo pale kinapoanzia na pale kinapoishia. Penye shina ukingo wake ni mkali. Kadiri unavyofuata urefu, ukingo unafifia, na ncha yake huwezi kuionyesha kwa kidole ukasema inaishia hapa. Ndivyo jua linavyofanya. De Chirico amekataa. Kivuli chake ni kikali toka mwanzo hadi mwisho, cheusi sawasawa, kama kitu kizito kilichowekwa chini. Kwa uamuzi huo mmoja kivuli kimeacha kuwa dalili ya mtu, kimekuwa mtu. Mtoto hayuko peke yake barabarani, na ndiyo maana upweke wake unatisha.

Jambo la pili ni mistari. Simama kwenye jukwaa la stesheni ya TAZARA Makambako, utazame reli kuelekea Mbeya. Kati ya chuma na chuma kuna milimita 1,067, nawe unajua haziwezi kukaribiana hata kidogo, maana treni ingeanguka. Lakini jicho linaziona zikisogeleana hadi zinakuwa nukta moja. Wachoraji wa Italia waliitengeneza kanuni hiyo karne ya 15: mistari yote inayokwenda mbali ikutane mahali pamoja, na hapo mtazamaji ajue amesimama wapi. De Chirico aliijua kanuni vizuri, ndiyo maana aliweza kuivunja bila mtu kugundua haraka. Ukiweka rula juu ya mistari ya jengo jeupe, inakwenda kukutana mahali fulani. Ya jengo jeusi inakwenda kukutana kwingine. Na lile gari la kukokotwa lina hesabu zake lenyewe. Kila kitu kimechorwa kutoka kwenye macho tofauti. Hakuna mahali ambapo mtu mmoja angeweza kusimama akaviona vyote hivyo kwa pamoja. Mwili unalihisi hilo kabla akili haijalifahamu: unajiona huna pa kusimama. Majengo yenyewe hayakai katika ulimwengu mmoja, sembuse watu.

Stesheni ya Makambako ni mahali pazuri pa kujifunzia picha za namna hiyo. Reli ya TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, na ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China. Sehemu iliyowatoa jasho kuliko zote ni mpando wa kutoka Mlimba kuja Makambako, wenye mahandaki na madaraja yanayofuatana mlimani. Treni ikimaliza mpando huo inatokea ghafla kwenye uwanda wa juu, wenye nyasi, upepo na anga kubwa. Stesheni za njia hiyo zilijengwa kwa zege, pana, za kupokea umati. Treni ya abiria haipiti kila siku. Siku isiyo na treni mwanga wa jioni unaingia kwenye jukwaa refu bila kizuizi, na mtu mmoja akivuka hapo kivuli chake kinafika upande wa pili kabla yake. Nje, mjini, kelele ni nyingi: barabara kuu ya kwenda Mbeya na Tunduma inakutana na ile ya Songea, malori yamejipanga, wauzaji wa mahindi ya kuchoma wanakimbilia madirisha ya mabasi. Ndani ya ukuta wa stesheni pametulia. Tofauti hiyo ya hatua chache ndiyo De Chirico aliyokuwa akiitafuta.

Kuna sababu nyingine inayofanya picha zake zieleweke upande huu wa nchi. Njia panda ni mji wa kungoja: wengine basi, wengine mzigo, wengine bei ya mahindi ipande. Na kungoja kuna historia hapa. Wakati wa ukoloni Njombe ilikuwa moja ya wilaya zilizotoa vibarua wengi kwenda mashamba ya mkonge, Tanga na kwingineko. Walioitwa manamba waliondoka kwa mikataba, na nyuma yao walibaki wake, watoto na wazee wakihesabu misimu. Upweke wa namna hiyo una umbo. Una njia ambayo macho yanaielekea, una saa ambayo mtu alisema atafika, na una saa ile ikiwa imekwisha kupita.

De Chirico alichora hilo pia, tena mwaka uleule wa 1914, katika picha ya stesheni ya Montparnasse, Paris, ambayo aliipa pia jina la Simanzi ya Kuondoka. Leo iko New York, katika jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa. Kuna nguzo nene, kuna mteremko mpana wa njano, watu wawili wadogo sana, treni inayotoa moshi mbali, na saa juu ya mnara. Mbele, karibu na mtazamaji, kimewekwa kichane cha ndizi. Wahakiki wa Ulaya wameziona ndizi hizo kuwa kitu cha ndotoni, tunda la nchi za mbali lililopotea njia. Msafiri wa Makambako hana haja ya ndoto hapo. Ndizi stesheni ni zawadi ya mtu anayekwenda kwao. Zikionekana chini bila mwenyewe, swali ni moja tu, mwenyewe yuko wapi. Halafu itazame saa ya mnarani: imepita saa saba mchana. Vitazame vivuli: ni vya jioni. Saa na jua havikubaliani. Anayengoja ndani ya picha hiyo hataweza kuambiwa amechelewa wala amewahi, kwa hiyo hataacha kungoja.

Huo ndio uvumbuzi wake mkubwa, kwa maoni yangu. Utupu peke yake hauleti simanzi. Uwanda wa Makambako ni mtupu na mchungaji anapiga mluzi humo. Simanzi inaletwa na utupu wenye saa. Kivuli ni saa. Mara tu mchoraji anapolaza kivuli kirefu, ameuambia mwili wetu kwamba muda unakwenda, kwamba kuna jambo linapaswa kutokea kabla giza halijaingia, na kwamba halijatokea.

Mtu anaweza kuuliza kama jambo hili lina nafasi katika sanaa yetu, ambayo watu wengi wanaifahamu kwa wingi wa viumbe. Vinyago vya Kimakonde vya mtindo wa ujamaa ni watu juu ya watu, bega kwa bega, mguu wa mmoja ni ngazi ya mwingine, hadi mpingo wenyewe unaisha. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, aliyejulikana kupitia Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, alijaza picha zake mashetani wenye masikio makubwa na vidole vichache, wakicheza, wakigombana, wakipigana vikumbo hadi kwenye fremu. Hizo nazo ni picha za ndoto, na ziko mbali na ulimwengu wa macho kuliko De Chirico alivyowahi kwenda. Lakini shetani wa Lilanga hana nafasi ya kuwa mpweke. Ana majirani.

Yupo hata hivyo mmoja aliyeacha nafasi. Barabara inayochepuka Makambako, ikipita Njombe hadi Songea, ukiifuata zaidi upande wa mashariki inakufikisha Tunduru, alikozaliwa Edward Saidi Tingatinga mwaka 1932. Naye alikwenda Tanga kufanya kazi kwenye mkonge, kisha Dar es Salaam, ambako alianza kuchora mwaka 1968. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alichora kwa miaka minne tu, kwa rangi za mafuta za kupakia milango na baiskeli, kwenye bodi ngumu zile zinazopigiliwa darini. Walioendeleza jina lake baadaye waliijaza bodi twiga, tembo, mbuyu, Kilimanjaro na ndege juu. Yeye mwenyewe, katika picha zake nyingi, alifanya kinyume. Alipaka bodi nzima rangi moja kwanza, akaiacha ikauke, kisha juu yake akaweka mnyama mmoja: chui, au fisi, au ndege, mkubwa, ameenea toka ukingo hadi ukingo, jicho la duara likimtazama mtazamaji. Pengine kuna jani moja au mawili. Ardhi mara nyingi haipo. Kivuli hakipo.

Tazama tofauti. Mnyama wa Tingatinga yuko peke yake kuliko mtoto wa De Chirico, maana huyo mtoto angalau ana majengo. Lakini hatusikii simanzi. Rangi moja ya nyuma haina asubuhi wala jioni, kwa hiyo chui hangoji kitu. Yupo tu, na anajua kwamba unamtazama. Nikiziweka picha hizo mbili pamoja ninaanza kupata jibu la swali langu la pili, na jibu hilo linakamilika Njombe.

Njombe iko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi yake inafahamika nchi nzima. Asubuhi za miezi hiyo ukungu unashuka juu ya mashamba ya chai ya Kibena na misitu ya miwati na misonobari, ukakaa. Aliyezoea kupita humo anajua unavyofanya kazi, hata kama hajawahi kushika brashi. Kwanza milima inaondoka. Kisha mistari ya miti inaondoka mmoja mmoja, wa nyuma kabla ya wa mbele. Kilicho mbali kinakuwa cheupe, kilicho karibu kinabaki na weusi wake. Mwanamke aliyejifunga kitenge na kuvaa koti zito la mtumba anatokea barabarani na tenga la viazi kichwani; kwa muda hana barabara, hana kilima, hana nyumba nyuma yake. Mikono na uso vimekolea kuliko siku ya jua, kwa sababu hakuna kitu kingine cha kuvishinda. Ukimwangalia miguuni hutaona kivuli. Mwanga wa ukungu unatoka pande zote kwa pamoja, hauna ubavu. Na kwa kuwa hakuna kivuli, huwezi kusema kwa kutazama kama ni saa moja au saa nne. Muda umesimama kando.

Mchoraji Sungi Mlengeya hakuzaliwa Njombe wala hachori Njombe. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1991. Alifanya kazi benki, akajifundisha kuchora mwenyewe, na mwaka 2018 akaamua sanaa iwe kazi yake. Amefanya kazi kwa karibu na jumba la sanaa la Afriart la Kampala, ambako mwaka 2021 alifanya onyesho la kazi zake peke yake. Wala haitwi msurealisti. Lakini asubuhi ya ukungu wa Njombe ndiyo maandalizi bora ninayoyajua ya kuzitazama picha zake.

Anachora wanawake weusi kwa rangi ya akriliki, nyuma yao kukiwa na weupe mtupu. Hakuna ukuta, sakafu, dirisha wala upeo wa macho. Kisha anakwenda hatua moja zaidi: nguo zao nazo ni nyeupe, na mara nyingi hazichori kabisa. Unaona shingo na bega. Halafu hakuna kitu. Halafu kinatokea kiwiko, mkono na vidole. Mbali kidogo magoti mawili. Katikati ni kanvasi tupu. Jicho linamalizia gauni lenyewe, linajua kitambaa kimepita wapi, limekaza wapi na limening'inia wapi, na yote hayo limeyajua kutokana na pale ngozi inapokatika. Ukingo mmoja wa rangi ya kahawia unafanya kazi mbili: upande wa ndani ni mwili, upande wa nje ni nguo.

Ukitaka kujua ugumu wake, chukua kalamu ujaribu kuchora mkono uliovaa shati jeupe bila kuchora shati. Kosa dogo kwenye ukingo wa kiganja, na shati zima linaharibika, kwa sababu halina mstari mwingine wa kulisaidia. Mchoraji aliyejaza mandhari ana pa kuficha makosa. Mti unaweza kuongezwa, kichaka kinaweza kusogezwa. Hapa hakuna kichaka. Akriliki nayo hukauka haraka, haimngoji mtu anayesitasita. Ndani ya ngozi ndimo alimoweka utajiri wote: kahawia juu ya kahawia, nyekundu kidogo penye kiwiko, mng'ao penye mfupa wa bega, weusi mzito chini ya kidevu. Kuna giza na nuru ndani ya mwili, la sivyo ungekuwa bapa. Lakini giza hilo halivuki ukingo. Haliangukii sakafu, kwa kuwa sakafu haipo. Huyo mwanamke ana uzito, na hakuna anapokanyaga.

Hapo ndipo picha zake zinapokuwa za ajabu kuliko zinavyojitangaza. Kila kipande ni cha kweli, mfupa mahali pake, mshipa mahali pake, na jumla yake ni mtu aliye mahali pasipokuwepo. Wasurealisti wa Ulaya waliipata ajabu kwa kuongeza: saa iliyoyeyuka, tufaha usoni, jabali angani. Yeye anaipata kwa kupunguza. Tena Mlengeya ameeleza mwenyewe kwamba weupe ule ni nafasi ya uhuru, mahali ambapo mwanamke hajafungwa na mategemeo ya watu. Ukizitazama kwa macho ya De Chirico ungetegemea hofu. Mtu pekee katika utupu usio na mwisho angepaswa kututisha. Hatutishiki. Wanawake hao wamejinyoosha, wamefumba macho, wameegemea mikono yao wenyewe. Wengine wako wawili au watatu na bado kila mmoja amebaki na nafsi yake. Hakuna anayetazama njia.

Kwa hiyo De Chirico na Mlengeya wameanza na mali moja, mtu mmoja na nafasi kubwa, wakafika mahali pasipokaribiana. Kilichowatenganisha kinahesabika kwa vidole. Mmoja ameweka jua upande mmoja, mwingine amelitawanya. Mmoja amempa mtu wake barabara, na barabara haiwezi kutajwa bila inakotoka na inakokwenda; mwingine hakumpa hata mahali pa kukanyaga. Mmoja amemnyima mtoto uso na ngozi, akaupa mtaa utajiri ule. Mwingine ameunyima ulimwengu kila kitu, akampa utajiri ule mwanamke. Na juu ya yote, mmoja ameleta saa. Upweke wa yule mtoto unauma kwa kuwa jioni inaingia. Upweke wa wanawake wale unapumzisha kwa kuwa hapaingii jioni.

Mtu anaweza kupinga, akasema ukungu wa Njombe si mapumziko kwa kila anayepita humo, na ni kweli. Dereva wa lori la mbao anauchukia, na bibi anayelea wajukuu peke yake kijijini hapati faraja kwa kuwa milima haionekani. Picha haiondoi upweke wa mtu, wala haina dawa. Inachoweza kufanya ni kutenganisha mambo mawili ambayo maisha yanayachanganya: kukosa mtu, na kuwa na nafsi yako. Mengi tunayoyaita upweke ni hayo mawili yamefungwa kitambaa kimoja, na anayeyabeba hajui lipi linamwelemea. Mchoraji mwenye mkono mzuri anakifungua.

Makambako na Njombe kuna vijana wanaochora. Wengi wanaishi kwa mabango ya saluni, maandishi ya milango ya maduka na picha za watu zinazonakiliwa kutoka kwenye simu. Wateja wanataka bango lijae, kwa sababu nafasi tupu inaonekana kama rangi iliyoibiwa. Siku mmoja wao atakapotaka kuchora bibi yake ameketi peke yake mlangoni Lupembe, rafiki zake watamshauri aanze na mikunjo ya uso, au chozi. Mimi ningemwambia uso uwe wa mwisho. Aamue kwanza kama bibi anangoja au amepumzika. Kama anangoja, iwe saa kumi na moja na nusu, mlango uwe na njia mbele yake, na kivuli cha nguzo ya kibaraza kifike karibu na miguu yake, ukingo wake ukiwa mkali hadi mwisho. Kama amepumzika, afute njia, afute nguzo, aache kanvasi kama ilivyotoka dukani, na nguvu zake zote azipeleke kwenye mikono ya bibi, hasa pale kiganja kinapokutana na khanga asiyoichora. Uso ukifikiwa baada ya hapo hautahitaji huzuni wala tabasamu. Kazi itakuwa imeshafanyika.